Mahekalu madogo ya Kyoto: uende lipi ukiwa na siku moja?

Kyoto ina mahekalu ya Kibudha zaidi ya elfu moja, na bado mgeni mwenye siku tatu huishia kwenye yale yale: Kinkaku-ji lenye kuta za dhahabu, Kiyomizu-dera kule mlimani, Ginkaku-ji, Tenryu-ji. Ni mazuri na yanastahili sifa zake. Ila ni makubwa, foleni huanza mapema, na njia za ndani zimepangwa ili watu wapite, si ili wakae. Makala haya ni ya yule aliyekwisha kuamua kutoa nusu siku au siku nzima kwa hekalu dogo la kale, na sasa amekwama kwenye swali la lipi.

Nimechagua matano: Otagi Nenbutsu-ji, Gio-ji, Honen-in, Hosen-in na Joruri-ji. Kila moja lina majengo machache, eneo unaloweza kulizunguka bila kuchoka, na historia ndefu kuliko ukubwa wake. Zaidi ya hapo hayafanani. Watu wengi huyaweka kwenye kapu moja, kana kwamba ukiona moja umeyaona yote, halafu huchagua lililo karibu na hoteli yao.

Ushauri wangu ni huu: chagua kwa kile unachotaka macho yako yatulie juu yake. Je, ni nyuso za sanamu, bustani, ukimya wa asubuhi, au kazi ya mikono ya watu walioishi miaka 900 iliyopita? Umbali uje baada ya hapo. Bei iache mwisho, maana haina uzito mkubwa. Viingilio ni yen mia kadhaa, Honen-in halitozi kitu kwa uwanja wake, na Hosen-in, lililo ghali kuliko mengine, hutoza kama yen 900 pamoja na chai. Gharama ya kweli ni saa za mchana. Mahekalu ya Japani hufunga mapema, mengi kati ya saa 10 na saa 11 jioni, na huacha kuingiza watu muda fulani kabla ya hapo. (Saa zote humu ni za Kiswahili, kibao cha huko kitaandika 16:00 pale ninaposema saa 10.)

Kisha chagua moja, au mawili yaliyo jirani, basi. Ratiba ya mahekalu sita kwa siku inawezekana kabisa Kyoto, na wengi hurudi nayo nyumbani bila kukumbuka lango lipi lilikuwa la hekalu lipi.

Otagi Nenbutsu-ji na Gio-ji: nyuso au kijani

Haya mawili yako upande mmoja wa mji, Saga, kaskazini-magharibi, nyuma ya Arashiyama. Kutoka stesheni kuu ya Kyoto unapanda treni ya JR ya njia ya Sagano na kushuka Saga-Arashiyama, safari ya kama robo saa. Ukitoka stesheni utaona umati wote unaelekea msitu wa mianzi na daraja la Togetsukyo. Wewe shika njia ya kaskazini, na baada ya mitaa michache utagundua unasikia nyayo zako mwenyewe.

Otagi Nenbutsu-ji lilianza karne ya 8 upande wa mashariki wa Kyoto, likaharibiwa na mafuriko ya mto Kamo, likajengwa upya karne ya 10 na mtawa Senkan, na hatimaye mwaka 1922 likahamishiwa lilipo leo. Kimbunga cha 1950 kiliharibu tena. Mwaka 1955 likakabidhiwa kwa Nishimura Kocho, mtawa aliyekuwa pia mchongaji na fundi wa kukarabati sanamu za Kibudha. Alipokea hekalu lililochakaa, na badala ya kutafuta mafundi wa kulipamba, ukarabati ulipoanza mwaka 1981 aliwaalika watu wa kawaida, wasiojua kushika patasi, waje kila mmoja achonge sanamu yake ya jiwe ya mwanafunzi wa Budha, yeye akiwaelekeza. Walikusudia sanamu 500. Kufikia 1991 zilikuwa zimefika 1,200.

Sijui hekalu jingine Kyoto ambalo sanamu zake zinaonyesha hivi jinsi watu walivyo. Zimepangwa safu juu ya safu kwenye mteremko, na mvua na vivuli vya miti vimezivika vimea laini vya kijani, kiasi kwamba mgeni asiyejua atadhani zina miaka mia tano. Sogea karibu. Mmoja ameshika raketi ya tenisi. Mwingine anasikiliza kinasa sauti cha mfukoni, kile cha kaseti cha miaka ile ya themanini. Wawili wameegemeana wakiinua vikombe vya sake, pombe ya mchele. Wako wanaocheka hadi macho yamefumba, wako wanaosali, na yupo aliyekumbatia mtoto. Kila aliyechonga aliweka kitu alichokipenda au mtu aliyemkumbuka, na hakuna nyuso mbili zinazofanana. Usizipite kwa mkupuo. Chagua safu moja, uifuate kutoka mwanzo hadi mwisho, sanamu baada ya sanamu.

Wengi hutosheka na sanamu za nje na kuondoka, na hapo wanakosa vitu viwili. Jumba kuu ni la zama za Kamakura, limesimama tangu karne ya 13, ndani yake kuna sanamu ya Kannon, bodhisatva wa huruma katika Ubudha, wa mikono elfu. Na pembeni kuna kijumba chenye sanamu ya Kannon ambayo Nishimura aliichonga ili iguswe, kwa kuwafikiria hasa watu wasioona. Katika nchi ambayo karibu kila sanamu ya hekalu iko nyuma ya kizuizi, hii unaipapasa kwa mikono yako, uso, mabega, vidole. Nishimura alifariki mwaka 2003; sanamu hiyo inaendelea kupokea mikono.

Gio-ji ni kitu tofauti kabisa. Ni kijumba kimoja cha paa la nyasi ndani ya bustani ndogo sana, na bustani hiyo karibu yote ni vimea vya kijani vinavyotambaa ardhini na juu ya mizizi, chini ya mianzi na miti ya momiji. Njia ni moja, inazunguka, na ukitembea mwendo wa kawaida unaimaliza kwa dakika kumi na tano. Hakuna jumba kubwa wala mnara.

Kinachoibeba Gio-ji ni kisa. Katika Heike Monogatari, simulizi ya kupanda na kuanguka kwa ukoo wa Taira katika karne ya 12, Gio alikuwa mchezaji ngoma aliyependwa na Taira no Kiyomori, mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini. Siku moja akaja msichana mwingine mchezaji, Hotoke Gozen, Kiyomori akataka kumfukuza. Gio akamwombea msichana wa watu aruhusiwe angalau kuonyesha ngoma yake. Akaonyesha, na Kiyomori akahamishia moyo wake kwake papo hapo, Gio akatolewa. Akiwa na miaka 21 akanyoa nywele akawa mtawa huku Saga, pamoja na mama yake na mdogo wake. Kisha usiku mmoja mlango ukabishwa. Alikuwa Hotoke Gozen, miaka 17, naye kichwa kimenyolewa. Alikuwa ameona yaliyompata Gio akatambua kwamba zamu yake ingefika. Wakaishi pamoja wanne.

Sanamu za mbao za wanawake hao wanne zimo ndani ya kijumba, na Kiyomori naye yumo. Ukienda bila kujua kisa hiki utaona bustani nzuri. Ukikijua, utasimama mbele ya sanamu hizo kwa muda mrefu kuliko ulivyosimama bustanini. Kijumba chenyewe si cha karne ya 12. Hekalu la asili lilikuwa limeachwa, na jengo la sasa lilitolewa mwaka 1895 na Kitagaki Kunimichi, aliyekuwa gavana wa Kyoto, kutoka kwenye makazi yake. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaochagua Gio-ji wakitafuta mbao za kale. Kwa mbao za kale nenda Joruri-ji, nalifikia hapo chini.

Sasa, kama ni moja tu kati ya haya mawili, mimi nachagua Otagi karibu mwaka mzima. Lina mengi ya kutazama, linafaa kwa watoto, na halitegemei hali ya hewa. Isipokuwa msimu wa mvua, Juni hadi katikati ya Julai, na siku yoyote baada ya mvua kubwa. Hapo Gio-ji hung'aa kijani ambacho picha haiwezi kukibeba. Agosti yenye jua kali vile vimea hukauka na kupoteza rangi, na aliyesafiri kwa ajili yake huondoka na nusu ya alichokijia. Mwisho wa Novemba hadi mwanzo wa Desemba, majani mekundu ya momiji yakidondoka juu ya kijani, Gio-ji hupendeza tena, lakini umati nao huja, na njia ile nyembamba haina pa kujificha.

Habari njema ni kwamba yanaunganika. Panda basi namba 94 la kampuni ya Kyoto Bus hadi kituo cha Otagidera-mae, mlangoni kabisa mwa Otagi. Ni machache, karibu moja kwa saa, hivyo angalia ratiba kabla. Kisha rudi kwa miguu ukishuka kupitia mtaa wa kale wa Saga-Toriimoto, wenye nyumba za paa za nyasi na vigae. Njiani utapita Adashino Nenbutsu-ji, ambako mawe ya kumbukumbu yapatayo 8,000 ya watu waliokufa bila wa kuwazika yamekusanywa pamoja. Gio-ji liko dakika ishirini hivi kutoka Otagi. Ukifanya kinyume, yaani kutembea kutoka stesheni hadi Otagi, ni kama dakika arobaini na sehemu ya mwisho ni mlima.

Honen-in na Hosen-in: kusimama au kukaa

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu yanatafutwa na mtu yule yule, anayetaka ukimya. Lakini kila moja linakupa ukimya wa aina yake.

Honen-in liko upande wa mashariki, hatua chache kutoka Njia ya Wanafalsafa, ile njia ya kando ya mfereji yenye urefu wa kama kilomita mbili. Lilianzishwa mwaka 1680 mahali ambapo Honen, mwanzilishi wa madhehebu ya Kibudha ya Jodo, alikuwa akisali na wanafunzi wake karne tano kabla. Uwanja wake uko wazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni, bila kiingilio. Tazama tena saa hiyo ya kufungua. Ginkaku-ji, hekalu maarufu lililo jirani, hufungua saa 2:30 miezi mingi ya mwaka. Maana yake una saa mbili na nusu za kuwa kwenye mtaa huu kabla mabasi ya watalii hayajaanza kumwaga watu.

Unapanda njia ya mawe chini ya miti mirefu hadi lango dogo la paa la nyasi, ambalo nyasi zake zenyewe zimeota kijani. Ukivuka lango unashuka ngazi chache, na pande mbili za njia kuna marundo mawili ya mchanga mweupe, mapana, bapa juu, marefu ya kufika magotini hivi. Juu yake pamechorwa kwa reki: leo mawimbi ya maji, kesho jani, kutegemea majira. Kupita katikati yake ni sawa na kupita majini ili kutakaswa kabla ya kuingia mahali patakatifu. Tazama kingo za michoro. Zinachorwa na mikono ya watu wanaoishi hapo, na mvua moja nzito inatosha kuzifuta. Makaburini amezikwa mwandishi Tanizaki Junichiro, na juu ya kaburi la familia yake kuna mawe mawili, kila moja na neno moja tu la Kijapani.

Upungufu wa Honen-in ni kwamba ndani ya majumba huingii, isipokuwa vipindi vifupi vya ufunguzi maalumu majira ya kuchipua na ya mapukutiko. Ndani humo, mbele ya sanamu ya Budha Amida, huwekwa maua 25 kila siku kwa ajili ya bodhisatva 25, watakatifu wa Kibudha, wanaofuatana naye. Ukibahatika kuwa Kyoto wakati wa ufunguzi, ingia bila kufikiri mara mbili. Siku nyingine zote, Honen-in ni hekalu la kusimama, kutazama, na kuondoka ndani ya nusu saa. Nusu saa hiyo ina thamani kubwa, lakini si mahali pa kupanga nusu siku. Pia ni mahali pa ibada na makaburi ya watu, na wenyeji huja kuzuru ndugu zao alfajiri hiyo hiyo uliyoipenda wewe. Sauti iwe chini na kamera isiwaelekee.

Hosen-in ndilo la kukaa. Liko Ohara, bonde la mashamba kaskazini mwa mji, safari ya kama saa moja kwa basi kutoka stesheni ya Kyoto. Tiketi ya siku moja ya treni za chini ya ardhi na mabasi, yen 1,100, inakufikisha hadi Ohara, na njia yenye foleni ndogo ni kupanda treni ya chini ya ardhi hadi Kokusaikaikan kisha basi kutoka hapo. Kutoka kituo cha basi ni mwendo wa kupanda taratibu, ukipita Sanzen-in ambalo ni kubwa na maarufu. Wengi huingia Sanzen-in na kugeuza. Wewe endelea mbele kidogo.

Unavua viatu, unaingia chumba cha mikeka ya tatami kilicho wazi mbele na ubavuni, na nguzo za chumba zinaikata bustani vipande kama picha zilizowekwa kwenye fremu. Upande mmoja msonobari wenye umri wa miaka ipatayo 700, mpana kiasi kwamba ukiwa umekaa huoni juu yake, unaona vigogo na matawi tu. Upande mwingine mianzi, na nyuma yake milima. Unaletewa bakuli la chai ya matcha na kitamu kidogo, na hakuna anayekuharakisha. Nje ya baraza kuna mianzi miwili mirefu iliyopenyezwa ardhini. Weka sikio juu ya mdomo wa mwanzi utasikia matone ya maji yakilia chini kama kengele ndogo.

Kisha inua macho. Dari ya baraza ni mbao zilizong'olewa kutoka sakafu ya ngome ya Fushimi, ambako mwaka 1600 Torii Mototada na askari wake waliilinda ngome hadi wakaisha, na waliosalia wakajiua humo ndani. Mbao zilizoloa damu hiyo ziligawiwa kwa mahekalu kadhaa na kuwekwa juu, darini, ili pasiwe na mguu wa kuzikanyaga tena na roho za waliokufa ziombewe. Madoa yanaonekana hadi leo. Kunywa chai chini ya dari hiyo kunamtia mtu uzito fulani, na kwa wengine ni uzito wasioutaka wakiwa mapumzikoni. Ni vizuri ujue kabla.

Baina ya haya mawili, uamuzi ni wa miguu na saa. Ukiwa mtu wa kuamka mapema na una shughuli nyingine mchana, ni Honen-in. Ukiwa unasafiri na mzazi mtu mzima, au umechoka na siku zilizotangulia, au mvua inanyesha, Hosen-in halina mpinzani kati ya matano haya, maana mvua huitazama ukiwa umekaa pakavu. Kile kilima cha kutoka kituoni si kikali, ila ni dakika kumi hadi kumi na tano, na mtu wa magoti mabovu akipande kwa kupumzika.

Joruri-ji: mbali, na kwa sababu

Hili ndilo ningempeleka mtu ninayempenda. Kisheria liko mkoa wa Kyoto, mji wa Kizugawa, lakini kwa kweli ni jirani wa Nara. Kutoka stesheni ya Kyoto unashuka kusini kwa treni za JR hadi Kamo, ukibadilisha Kizu, kisha basi dogo la kama dakika ishirini linalopita mara moja kwa saa hivi. Ukihesabu kusubiri, kwenda tu ni karibu saa mbili. Ukiwa umelala Nara, ni karibu zaidi, na hapo sioni sababu ya kulikosa.

Linakupa nini ambacho mengine hayana? Katika karne za 11 na 12, watu wa tabaka la juu wa Kyoto waliamini wanaishi zama za mwisho za mafundisho ya Budha, na tumaini lililobaki ni kuzaliwa upya katika Nchi Safi ya Magharibi ya Budha Amida. Ilisemekana kuna daraja tisa za kuingia huko, kutoka mwema kabisa hadi mwenye dhambi nzito. Kwa hiyo walijenga majumba marefu yenye Amida tisa, mmoja kwa kila daraja. Yalijengwa mengi, yapata thelathini. Moto na vita viliyamaliza. Limebaki moja duniani, na ni hili.

Jumba ni la mwaka 1107, lilihamishiwa ng'ambo ya magharibi ya bwawa mwaka 1157. Upande wa mashariki wa bwawa, juu ya kilima kidogo, kuna mnara wa ghorofa tatu ulioletwa kutoka mjini Kyoto mwaka 1178, ndani yake Yakushi, Budha wa tiba. Mpangilio wote ni wa maana: mashariki anakaa anayekutuma duniani na kukuponya, magharibi anakaa anayekupokea, na maji ni kati yao. Siku za usiku na mchana kulingana, Machi na Septemba, jua huchomoza nyuma ya mnara na kuzama nyuma ya Amida. Anza upande wa mnara, inama kwa Yakushi, kisha geuka na kuutazama magharibi ng'ambo ya maji. Hivyo ndivyo palivyokusudiwa kutazamwa, na wageni wengi hukosa kwa kukimbilia jumba kwanza.

Ndani unaingia kwa mlango wa nyuma, bila viatu, sakafu ya mbao iliyolainishwa na karne za nyayo. Taa ni haba. Mwanzoni unaona weusi na vipande vya dhahabu, na macho yakizoea, Amida wanatokea mmoja baada ya mwingine kwa safu. Wa katikati ana zaidi ya mita mbili akiwa ameketi. Wanane wa pembeni ni wa mita moja na nusu hivi. Mwanzoni utadhani wanafanana. Kaa chini. Baada ya muda utaona huyu shavu limejaa zaidi, yule amefumba macho kidogo zaidi, huyu mkunjo wa nguo unaanguka tofauti begani. Dhahabu imechakaa kwenye magoti na imebaki kifuani. Ukarabati wa sanamu zote tisa ulichukua miaka mitano, 2018 hadi 2023, na sasa wote wako mahali pao. Picha haziruhusiwi humo. Naona ni neema, kwa sababu watu wote wanatazama.

Tarehe nazo zina uzito hapa kuliko kwenye mengine. Humo jumbani kuna sanduku lenye sanamu ya Kichijoten, mungu wa kike wa heri, ya mwaka 1212, ambayo rangi zake zimehifadhika kwa namna ya kushangaza. Hufunguliwa Januari 1 hadi 15, Machi 21 hadi Mei 20, na Oktoba 1 hadi Novemba 30. Yakushi wa mnarani huonyeshwa tarehe 8 ya kila mwezi kama hali ya hewa ni nzuri. Ukiweza kupanga tarehe 8 ya Aprili, Mei, Oktoba au Novemba, utaona vyote kwa safari moja.

Na kama umekwenda mbali hivyo, ongeza Gansen-ji, hekalu dogo la jirani lenye Amida wa mwaka 946 na mnara mwekundu wa 1442. Shuka basi Gansen-ji kwanza, halafu tembea kushuka hadi Joruri-ji kwa njia ya msituni na mashambani. Njiani kuna mabuda waliochongwa kwenye miamba. Anayependwa zaidi ni Amida anayetabasamu, wa mwaka 1299, chini ya jiwe kubwa lililomkinga na mvua kwa miaka 700 na zaidi. Kando ya njia wakulima huning'iniza mboga na achari kwenye vibanda visivyo na muuzaji. Unachukua mfuko, unatumbukiza sarafu ya yen 100. Kwa hiyo uwe na sarafu.

Ubaya wa Joruri-ji ni mmoja, nao ni mkubwa: linakula siku. Mwenye siku mbili tu Kyoto, na hajawahi kufika, asilichague. Akianza na Otagi au Honen-in hatakuwa amepoteza.

Mambo madogo yanayobadili uamuzi

Viatu. Hosen-in na Joruri-ji utavua, na sakafu ya majira ya baridi ni barafu. Vaa soksi nene zisizo na matundu, na viatu visivyo na kamba nyingi. Otagi na Honen-in unaweza kumaliza ziara nzima bila kuvua.

Pesa taslimu. Usitegemee kadi kwenye lango la hekalu dogo. Noti za yen 1,000 na sarafu zitakutosha.

Mhuri wa hekalu. Ukiwa na daftari maalumu la mihuri, mtawa au msaidizi wa hekalu atakuandikia kwa wino na kugonga mhuri, kwa kawaida yen 300 hadi 500. Toa heshima kwanza jumbani, ndipo uende dirishani, na ulifungue daftari kwenye ukurasa unaotaka. Daftari la kawaida la shule litakataliwa, na ni haki yao.

Kuomba. Mbele ya sanamu unaunganisha viganja kimya na kuinama. Kupiga makofi ni desturi ya madhabahu za Shinto, dini ya jadi ya Japani, si hapa. Huhitaji kuwa Mbudha ili uiname. Vizingiti vya mbao vivuke, usivikanyage.

Majira ya baridi. Kuanzia Desemba hadi Februari Joruri-ji hufungua saa 4 asubuhi na kufunga saa 10 jioni, badala ya saa 3 hadi saa 11. Ukipanda treni ya kutoka Kyoto saa 2 asubuhi unafika lango likifunguliwa. Ukiondoka hotelini saa 7 mchana, utaona Amida tisa kwa haraka huku ukitazama ratiba ya basi la kurudi, na hapo ni afadhali ungebaki mjini ukaenda Honen-in.